Mlango wa umeme wa Noah haujivuti mwisho, fundi anasema kitasa kimekufa. Nisaidieni kabla sijanunua

#1 MamaWawili_Mbezi

Wakuu habari za jioni. Nina Toyota Noah ya 2010, ile ya muundo wa ZRR70. Mlango wa kushoto, ule wa kuteleza kwenye reli, ni wa umeme na kwa muda mrefu haukuwa na shida yoyote. Mvua za masika zilipoanza ndipo ulipoanza vituko.

Ukibonyeza rimoti unafunguka vizuri hadi mwisho. Ukiufunga unakuja vizuri, unafika kwenye kitasa, unagusa, halafu basi. Ile sehemu ya mwisho ambayo huwa unajivuta wenyewe haupati nguvu. Taa ya mlango wazi inabaki inawaka kwenye dashibodi na nikianza kuondoka kengele inalia. Siku nyingine asubuhi unajivuta kama kawaida, mchana unagoma. Nikishuka na kuusukuma kwa bega unafunga.

Nimeupeleka gereji. Fundi alifungua kava la ndani, mlango ukiwa wazi, akapima kwa mita akasema umeme unafika wa kutosha, kwa hiyo kitasa cha umeme ndicho kibovu. Cha mtumba kinauzwa laki mbili na nusu, ufundi mbali. Pesa naweza kuitafuta, lakini nisije nikanunua na shida ikabaki palepale. Watoto wanapanda na kushukia mlango huo kila siku ya shule, na hapo ndipo ninapokosa amani. Naombeni msaada.

#2 Dereva_wa_Mbagala

Dada, hizo dalili ni za kitasa. Umeme ukifika na kitu hakifanyi kazi, hicho kitu ni kibovu. Nenda Ilala uchague, usinunue bila kukijaribu kwenye betri palepale dukani.

#3 Kulwa255

Kabla ya yote safisha reli ya chini na uangalie rola. Mchanga ukijaa mle mlango unakuwa mzito na kile kimota cha kitasa kinashindwa. Paka grisi nyeupe, siyo oili chafu, maana oili inakamata vumbi.

#4 FundiWaya_Tanga

Dada MamaWawili, usinunue kitasa kwanza. Kulwa yuko sawa kuhusu reli, anza nayo kwa sababu haina gharama. Lakini maneno yako mawili yamenifanya nikae chini niandike: unajivuta siku nyingine na siku nyingine haujivuti, na fundi alipima mlango ukiwa wazi.

Tuelewane kwanza mlango huu unavyofanya kazi. Una mota mbili zenye kazi tofauti. Mota kubwa ndiyo inayoukokota mlango kwenye reli kwa kebo, mbele na nyuma. Kwenye magari mengine imo ndani ya mlango, kwenye mengine imejificha nyuma ya paneli ya ubavuni. Mota ndogo imekaa kwenye kitasa chenyewe. Kazi yake ni moja: ulimi wa kitasa ukishashika kile chuma cha kwenye bodi kwa hatua ya kwanza, mota ndogo inauzungusha ulimi hadi hatua ya pili, na mlango unabanwa kwenye raba. Kwako mota kubwa ni nzima. Kinachogoma ni hatua ya pili.

Sasa jiulize umeme unaufikiaje mlango ambao unatembea. Unapita kwenye fungu la waya lililovikwa mnyororo wa plastiki, chini karibu na kikanyagio cha kupandia. Kila mlango ukifunguka, waya zile zinakunjuka. Ukifungwa, zinakunjwa upya. Gari la 2010 limefunguliwa mlango mara ngapi tangu Japani hadi leo? Shaba inachoka na kukatika uzi mmoja mmoja ndani ya ganda, na kwa nje ganda linabaki zima kabisa. Mlango ukiwa wazi, ncha za shaba zinagusana na umeme unapita. Ukifungwa, mkunjo unazitenganisha, au unabakiza nyuzi mbili tatu tu. Kwa hiyo fundi aliyepima mlango ukiwa wazi alipima waya ukiwa katika hali ambayo hauna shida.

Kuna jambo la pili. Mita ya dijitali hunyonya umeme mdogo mno, ukinzani wake wa ndani ni kama megaohm 10. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaionyesha volti 12 bila tatizo. Uwekee waya huo mota inayotaka ampia 5 ndipo utajua. Tuseme pale penye ubovu pana ukinzani wa ohm 1 tu: ampia 5 mara ohm 1 ni volti 5 zimepotelea njiani, na mota imebaki na 7. Itanguruma kidogo au itakaa kimya. Ndiyo maana nasema waya wa mlango unapimwa mota ikiwa imeunganishwa na inajaribu kuvuta, tena mlango ukiwa palepale unapogomea.

Kuna kipimo kisichohitaji hata mita. Fungua mlango wote. Angalia kitasa kwenye ukingo wake, utaona ule ulimi wenye umbo kama la kucha. Chukua bisibisi, usukume ulimi taratibu mpaka usikie mlio wa kwanza, halafu uondoe mkono haraka. Kwenye magari mengi mota ndogo itaamka palepale na kuuvuta ulimi hadi mwisho. USIWEKE KIDOLE HAPO, inabana kwa nguvu na haitambui kama ni kidole. Ukimaliza vuta kishikio cha mlango ili ulimi urudi wazi, la sivyo ukifunga mlango utagonga chuma na kuvunja kitu.

Kama mlango ukiwa wazi mota inavuta vizuri kila mara, na mlango ukifungwa haivuti, basi kitasa ni kizima na hiyo laki mbili na nusu ibaki mfukoni. Fanya hivyo halafu utujulishe. Pia tupe volti za betri gari likiwa limezimwa, na likiwa linaunguruma.

#5 Mwenda_Kirinyaga

Salamu kutoka Nairobi. Naunga mkono fundi wa Tanga. Niongeze mambo madogo ambayo wateja wetu huyasahau, halafu wanalipa bure.

Kwanza swichi kuu ya mlango kwenye dashibodi. Ikizimwa mlango unakuwa wa mkono tu. Watoto huibonyeza, au mtu wa kuosha gari. Pili, kifuniko cha tenki la mafuta: magari mengi ya Kijapani hayaruhusu mlango wa upande huo kufunguka wote kifuniko kikiwa wazi, usije ukagonga. Swichi yake ikiharibika gari huamini kifuniko kiko wazi siku zote. Tatu, betri ikitolewa na kurudishwa, kompyuta ya mlango husahau mlango uko wapi. Ufunge kwa mkono hadi mwisho mara moja, ndipo uujaribu kwa rimoti.

Nne ni ule mpira wa ukingo wa mbele wa mlango. Ndani yake mna tepe mbili zinazopitisha umeme, zikibanwa zinagusana na mlango unarudi nyuma ili usimbane mtoto. Maji yakiingia humo, mlango unafunga nusu kisha unarudi wenyewe. Lakini hiyo siyo shida ya dada, wake haurudi, unakaa tu.

Kwenye Toyota Isis na Alphard zinazokuja kwetu tunaona zaidi kebo kuchakaa kuliko waya. Kebo ikianza kufumuka utasikia mkwaruzo ndani na mlango unatetemeka ukitembea. Usiulazimishe, kwa sababu nyuzi zilizofumuka hujisokota kwenye ngoma ya mota, na hapo mota nayo inakwenda.

#6 MamaWawili_Mbezi

Asanteni sana wakuu. Nimefanya leo na mdogo wangu.

Betri gari likiwa limezimwa: 12.5. Linaunguruma: 14.1. Swichi kuu iko sawa, kifuniko cha mafuta kimefungwa.

Mlango wazi, tumesukuma ulimi kwa bisibisi. Imevuta! Tumerudia mara kadhaa, kila mara inavuta kwa nguvu na mlio ni uleule. Halafu tukafunga mlango. Haikuvuta. Mdogo wangu akaweka sikio akasema anasikia kama mnguno mdogo sana halafu kimya. Hapo nikaamini unachosema.

Sasa naendeleaje? Mdogo wangu ana mita na anajua kuitumia, ila gari hajawahi kugusa.

#7 FundiWaya_Tanga

Vizuri sana dada. Huo mnguno ni mota inayopata umeme wenye njaa. Kitasa chako ni kizima.

Sasa tuthibitishe kwa namba, ili ukienda kwa fundi asikurudishe mwanzo. Toeni kava la ndani la mlango. Linashikwa na skrubu chache zilizofichwa kwenye kishikio na klipu pembeni. Vuteni kwa kubembeleza, klipu za gari la umri huo huvunjika. Mdogo wako akae ndani ya gari, wewe uwe nje, na mlango wa kulia uwe wazi ili awe na pa kutokea.

Plagi ya mota ya kitasa isichomolewe. Ichomekwe hivyohivyo, na apenyeze pini nyembamba kwa nyuma, pale waya unapoingia kwenye plagi, hadi iguse chuma. Mota inapewa umeme sekunde moja au mbili tu, kwa hiyo macho yawe kwenye mita. Kama mita inashindwa kufuata haraka hiyo, aunganishe balbu ya indiketa ya wati 21 sambamba na mota. Balbu ni shahidi mzuri: ikiwaka nyeupe umeme upo, ikiwaka nyekundu kama kaa la mkaa umeme umefia njiani.

Jambo moja linalowapoteza hata mafundi wazoefu: msitumie chuma cha mlango kama hasi. Mlango huu unakaa juu ya rola zenye plastiki, haujagusana na bodi inavyotakiwa. Chukueni waya mrefu, ufungeni kwenye boliti ya bodi iliyo safi au kwenye hasi ya betri, na pimeni kutoka hapo.

Nataka namba za aina mbili. Kwanza, volti kati ya waya mbili za mota, mlango ukiwa wazi na ulimi ukisukumwa kwa bisibisi, halafu mlango ukiwa umefungwa nusu, yaani ulimi umeshika hatua ya kwanza tu. Pili, mlango ukiwa umefungwa nusu, volti kati ya ule waya wa hasi wa mota na boliti ya bodi. Hiyo ya pili itatuambia kama kilichokatika ni waya wa kwenda au wa kurudi. Waya mzima haupotezi zaidi ya nusu volti.

#8 Msafiri_Minnesota

Habari za nyumbani. Niko Marekani, nina Sienna, ndugu yake Noah kwa huku. Nataka niseme jambo la usalama kwa sababu mleta uzi ametaja watoto.

Novemba 2016 Toyota waliita zirudi kurekebishwa Sienna kama 744,000 za huku, toleo la 2011 hadi 2016, kwa ajili ya milango hiyohiyo ya umeme. Mlango ukizuiwa kufunguka, kwa mfano umegandishwa na barafu, mota ilivuta umeme mwingi hadi fyuzi ikaungua. Kama fyuzi iliungua wakati kitasa kimeshaachia, hakuna umeme wa kukirudisha, na mlango ungeweza kufunguka gari likiwa barabarani.

Noah ya dada ni gari tofauti na haimo kwenye wito ule. Lakini funzo la kitasa ni lilelile: kitasa kilichokaa katikati ni cha hatari kuliko kitasa kilichokufa kabisa. Nimeona watu nyumbani wakichomoa fyuzi ya mlango ili kengele inyamaze. Usichomoe fyuzi mpaka umehakikisha kwa mkono kwamba mlango umefunga hatua ya pili na taa ya dashibodi imezimika.

#9 FundiWaya_Tanga

Msafiri, ahsante, hilo nilipaswa kuliandika mimi juu kabisa. Dada, mpaka tumalize kazi hii zima swichi kuu, funga mlango kwa mkono, hakikisha taa imezimika, na watoto wapande kulia.

#10 MamaWawili_Mbezi

Sawa fundi, tangu jana wanapanda kulia.

Namba hizi hapa. Mlango wazi, mota inavuta: 11.8. Mlango umefungwa nusu: 5.6 halafu inashuka. Hasi ya mota hadi boliti ya bodi, mlango umefungwa nusu: 0.2. Balbu mlango wazi inawaka vizuri, mlango ukifungwa ni wekundu tu.

#11 FundiWaya_Tanga

Jibu limekamilika. Hasi iko salama, imepoteza 0.2 tu. Kwenye chanya zinapotea zaidi ya volti 6 mlango ukifungwa. Waya wa chanya wa mota ya kitasa umekatika ndani ya mnyororo.

Kuufikia: kwanza toa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90, kwa sababu za mifuko ya hewa. Fungua kava la kikanyagio, utauona mnyororo mweusi wa plastiki. Chora au piga picha jinsi ulivyolala kabla ya kuufungua, kwa sababu ukirudishwa umejipinda utazikata waya nyingine. Viungo vyake vina vifuniko vidogo, vifunuliwe kimoja kimoja.

Usitafute mahali palipochubuka, pengine hapapo. Shika kila waya kwa vidole vya mikono miwili, sehemu ya kama sentimita tano, uvute taratibu. Waya mzima hauvutiki. Uliokatika ndani ganda lake litanyooka kama mpira wa manati, kwa sababu hakuna shaba ya kulizuia. Anza pale mnyororo unapopinda mlango ukiwa umefungwa. Na ukipata mmoja usisimame hapo, jaribu zote. Zimezaliwa siku moja, zimekunjwa pamoja, ya pili haiko mbali.

#12 MamaWawili_Mbezi

Tumeipata! Ni kweli inavutika. Tumechana ganda, ndani shaba imekuwa ya kijani na nyuzi zilizobaki zinahesabika. Mwingine mwembamba wa pembeni nao unaanza kulegea. Mdogo wangu anataka kusokota na kupiga tepu ili tuone kama itafanya kazi. Tufanye?

#13 FundiWaya_Tanga

Kwa dakika tano za majaribio, sawa. Kwa kuendeshea gari, hapana. Tepu pale chini itaingiwa maji siku ya kwanza ya kuosha gari, na waya wa chanya ukigusa bodi fyuzi inaungua. Hapo ndipo anatokea mtu wa kuweka fyuzi kubwa zaidi, na mimi nimefungua gari ambalo waya wake ulikuwa umeshikana na zulia kwa kuyeyuka. Namba ya fyuzi iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi isipandishwe.

Kata kipande chote kilichochoka, siyo pale palipokatika tu. Ingiza waya mpya unaopita mkunjo wote bila kiungo hata kimoja ndani yake. Viungo vyote viwe nje ya mnyororo, kimoja upande wa bodi na kimoja upande wa mlango, mahali waya usipotikisika. Sababu ni kwamba lehemu huifanya shaba iwe ngumu kama msumari, na waya unaokunjwa hukatika palepale lehemu inapoishia. Mafundi wengi hulehemu ndani ya mkunjo, kazi inapendeza macho, na baada ya miezi gari linarudi.

Aina ya waya nayo ni muhimu. Usitumie waya wa nyumbani wenye shaba nene chache. Omba waya laini wenye ganda la silikoni na nyuzi nyembamba nyingi, unene sawa na wa zamani au ukizidi kidogo. Viungo vilehemiwe, vifunikwe mpira unaojibana kwa joto wenye gundi ndani, na visipangwe usawa mmoja, vikilala pamoja fungu linanenepa na halipiti. Huo mwembamba unaolegea ubadilishwe leo leo.

Waya upewe ulegevu kidogo. Funga mlango kwa mkono taratibu kabla ya kurudisha betri na uangalie mnyororo unavyojikunja, usikwaruze popote. Rudisha betri, funga hadi mwisho kwa mkono mara moja kama alivyosema Mwenda, kisha pima tena 5.6 ile imekuwa ngapi.

#14 Dereva_wa_Mbagala

Fundi nimekuelewa. Swali langu: gereji nyingi hazina muda wa kufanya hivi, zinaona ni bora kubadilisha fungu zima. Hilo ni baya?

#15 FundiWaya_Tanga

Siyo baya kama fungu ni jipya. La mtumba limetoka kwenye gari la umri uleule, limekunjwa mara zilezile. Ukilazimika kulinunua, livute kwa vidole palepale dukani, waya moja moja, mbele ya muuzaji. Na sisi watu wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, fungua na plagi uziangalie: ukijani kwenye pini unapoteza umeme sawasawa na waya uliokatika.

#16 MamaWawili_Mbezi

Tumemaliza jioni hii, waya wa silikoni tumeupata Kariakoo. Mlango ukiwa umefungwa nusu mota inapata 11.7 na inavuta. Waya mbili zimebadilishwa, viungo viko nje kama ulivyoagiza.

Fundi, kuna jambo moja dogo: mlango wa kulia, ambao siyo wa umeme, hauitikii kishikio cha ndani. Cha nje kinafungua vizuri. Je, nao ni waya?

#17 FundiWaya_Tanga

Hongereni sana, na mpe mdogo wako pongezi zangu.

Huo wa kulia hauhitaji mita. Ufungue, angalia kwenye ukingo wake karibu na kitasa kuna kiswichi kidogo cha plastiki cha kuzuia watoto wasifungue kwa ndani. Kisukume upande wa pili, ujaribu tena. Kama kilikuwa tayari kimeachiwa, basi fito inayotoka kwenye kishikio imechomoka kwenye klipu yake, na utaiona ukitoa kava.

#18 MamaWawili_Mbezi

Kilikuwa kimefungwa. Nimekirudisha kama kilivyokuwa, wa kwangu mdogo ana miaka minne.